Jinsi Nchi ya Tanga Ilivyogawanywa

Kijiji cha Kigombe kiko pwani, njiani kutoka Tanga kwenda Pangani. Watu wake wengi ni wavuvi. Mtu wa Kigombe akitaka kuuza samaki wake mjini aweza kwenda Tanga, na akitaka kwenda kusini aweza kufika Pangani, maana njia ni hiyo hiyo moja, nayo yafuata bahari. Lakini akiwa na shauri kubwa la serikali, lililowashinda wakubwa wa kijijini na wa kata, yampasa kulipeleka Muheza. Na Muheza ni mji wa bara, ulio katika njia ya reli, usio na ufuko wala mashua.

Mgeni akisikia hayo hustaajabu. Kwa nini mvuvi aiache bahari nyuma yake na kwenda bara kutafuta haki yake, na huku miji miwili ya pwani iko karibu naye, mmoja kaskazini na mmoja kusini? Jibu fupi ni kwamba Kigombe imo katika Wilaya ya Muheza. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu mwenye akili, maana atauliza tena: Ni nani aliyeitia Kigombe katika Muheza, na kwa sababu gani?

Yafaa kwanza kujua maana ya kuigawanya nchi. Mkoa wa Tanga una ukubwa wa kilometa za mraba kama 27,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 watu wake walionekana kuwa 2,615,597. Mkubwa akaaye Tanga mjini hawezi kusikiliza kesi ya kila mbuzi aliyekula mahindi ya jirani huko Lushoto, wala hawezi kujua ni kisima gani kilichokauka Kilindi. Shule yenye wanafunzi mia tatu haifundishwi na mwalimu mmoja. Hugawanywa kwa madarasa, na kila darasa huwa na mwalimu wake na kiranja wake. Ndivyo ilivyo nchi. Hukatwa vipande, na kila kipande hukatwa tena, hata kufika mahali ambapo mkubwa aweza kuwajua watu wake kwa majina.

Kila serikali iliyopata kuitawala Tanga ililazimika kujibu maswali mawili. La kwanza, mipaka ipite wapi? La pili, mkubwa wa kila kipande atoke wapi, naye atoe hesabu ya kazi yake kwa nani? Swali la kwanza huonekana katika ramani. La pili halionekani katika ramani yo yote, lakini ndilo liingialo mpaka nyumbani mwa mtu.

Katika karne ya 19, kabla ya Wazungu kuishika nchi, mtawala mkubwa wa upande huo alikuwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, aliyekaa Vugha katika milima ya Usambara. Watu walimwita Simba Mwene. Yeye aliigawanya nchi yake kwa watoto wake: mmoja akawekwa huku, mwingine kule, kila mmoja akawa zumbe wa mahali pake, akasikiliza mashauri na kupokea kodi, na sehemu ya kodi ikapelekwa Vugha. Hapakuwa na mawe ya mpaka wala mistari. Mpaka ulikuwa mahali ambapo watu waliacha kupeleka mashauri kwa zumbe huyu wakaanza kupeleka kwa zumbe yule.

Huko pwani mambo yalikuwa namna nyingine. Sultani wa Unguja alikuwa na maliwali wake na watu wa forodha katika bandari kama Tanga na Pangani, na chini yao walikuwapo majumbe na madiwani, wazee wa miji wenye heshima ya tangu zamani. Baadhi ya majumbe hao walithibitishwa na Kimweri, na tena walithibitishwa na Sultani. Mtu wa siku hizi aweza kudhani hiyo ni fujo, lakini ilikuwa na maana yake: pembe za ndovu na bidhaa nyingine za bara zilipita katika nchi ya Kimweri, na majahazi yalikuwa yakienda Unguja. Jumbe aliyegombana na mmoja wao asingeweza kufanya biashara.

Mgawanyo wa Kimweri ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ulisimama juu ya jamaa yake, na jamaa hugombana. Alipokufa mwaka 1862 wana na wajukuu wake walianza kushindania kiti. Semboja, mtoto wake aliyekaa Mazinde chini ya milima, alipigana na upande wa mjukuu aliyerithi ufalme. Wabondei nao wakaondoa utawala wa Wakilindi katika nchi yao. Habari za ufalme huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, na mwenye kupenda historia ya Tanga hana budi kukisoma.

Katika mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya nchi ambayo wengi wao hawajaiona. Walipiga mstari kutoka mlango wa Mto Umba, pwani, mpaka Ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaenda mpaka ziwa kubwa la Viktoria. Upande wa kusini ukawa wa Wajerumani, wa kaskazini wa Waingereza. Sultani aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu za baharini. Hata ukanda huo haukukaa. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipewa kuusimamia upande wa kusini, na jinsi ilivyoingia Pangani na kudharau watu ikaleta vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1890 jambo likaisha kwa fedha: Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni nne, na pwani hiyo ikawa yao kabisa.

Mstari wa Umba haukuuliza ni nani anayekaa wapi. Wadigo wako upande huu na upande huu. Vivyo hivyo Wasegeju. Jasini iko Tanzania, na Vanga, iliyo jirani yake kabisa, iko Kenya. Mto wenyewe watoka katika milima ya Usambara, lakini huingia baharini upande wa Kenya. Kati ya mipaka yote iliyotajwa hapa, huo tu haujabadilishwa na serikali yo yote iliyofuata, ingawa ulipigwa na watu waliokuwa mbali kuliko wote.

Basi Wajerumani walipoishika nchi walijenga maboma, na neno boma likawa jina la makao ya serikali mpaka leo katika vinywa vya wazee. Nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Tanga ilikuwa na wilaya tatu: Tanga, Pangani, na Wilhelmstal, yaani Lushoto ya sasa, iliyopewa jina la mfalme wao. Katika kila wilaya alikaa Mjerumani mmoja mkubwa pamoja na askari na makarani. Chini yake mjini alikuwapo liwali. Mashambani waliwekwa maakida, kila akida juu ya vijiji vingi, na chini ya akida, katika kila kijiji, jumbe. Daraja hizi hazikutoka Ulaya. Majina yote matatu, liwali, akida na jumbe, Wajerumani waliyakuta pwani katika utawala wa Sultani, wakayachukua na kuyapeleka bara ambako hayakujulikana.

Hapo ndipo swali la pili linapoonyesha uzito wake. Akida aliandika barua kwa Kiswahili na kupewa mshahara. Mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, na alipowekwa juu ya Wabondei au Washambaa alikuwa mgeni kati yao. Jumbe alitoa hesabu kwa akida, na akida alitoa hesabu kwa boma. Hakuna hata mmoja aliyetoa hesabu kwa wanakijiji. Ilipotangazwa kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ile, akida ndiye aliyeikusanya. Walipotakiwa watu wa kazi za barabara au mashamba, akida ndiye aliyeambiwa awatafute, naye alimwambia jumbe. Jumbe akachukiwa na wote wawili, aliye juu yake na walio chini yake.

Mfano ulio wazi ni wa wilaya ya Wilhelmstal. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, na Kinyashi akakalishwa Vugha. Baada ya miaka michache Kinyashi aliacha ufalme mwenyewe, na maakida wakatawala mahali pa Wakilindi. Kisha mwaka 1907 uliwekwa utaratibu wa kadi za kazi: kila mwanamume mwenye nguvu, katika kila miezi minne, alipaswa kufanya kazi siku thelathini kwa mwajiri Mzungu kwa ujira uliowekwa. Kwa mtu wa milimani, mpaka wa wilaya haukuwa tena wino juu ya karatasi. Ulikuwa miezi mitatu ya kila mwaka wake.

Lakini haki yataka isemwe pia kwamba barua hizo za maakida zilifanya Kiswahili kuwa lugha ya ofisi toka pwani mpaka bara, na faida hiyo haikuondoka pamoja na Wajerumani.

Vita Kuu ya kwanza vilifika Tanga mwezi Novemba 1914, Waingereza wakashindwa pale. Waliushika mji huo mwaka 1916. Hapo mwanzo hawakubadili mengi. Waliigawanya Tanganyika kwa wilaya 22, na maakida wakaendelea. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925. Yeye aliziunganisha wilaya kuwa majimbo kumi na moja, mojawapo likiwa Jimbo la Tanga, na kwa sheria ya mwaka 1926 akataka watu watawaliwe na wakubwa wa kabila lao wenyewe, wenye baraza lao la hukumu na hazina yao. Kinyashi, aliyekuwa sasa mzee, akarudishwa Vugha.

Kwa Washambaa mpango huo ulikuwa na msingi, maana ufalme wao ulikumbukwa. Kwa wengine ulikuwa mgumu. Wazigua, Wabondei na Wadigo hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mji ulikuwa na wazee wake, na serikali ilipotafuta mkubwa wa kabila zima ilitafuta mtu asiyekuwapo. Katika miji ya pwani, ambako watu wamechanganyika, maliwali waliachwa. Na katika mashamba ya mkonge, yaliyoenea tangu mmea huo ulipoletwa mwaka 1893, walikaa maelfu ya watu waliotoka mbali kabisa. Mtu aliyetoka kusini au magharibi ya nchi, akikata mkonge Muheza kwa miaka kumi, mtawala wake wa kabila ni nani? Mpango uliodhani kwamba kila mtu ana kabila moja na kila kabila lina mahali pamoja haukumpa jibu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 vyeo vya machifu katika utawala vilifutwa kwa sheria, na majimbo yakaitwa mikoa. Tangu hapo neno jimbo lina kazi nyingine: ni mahali panapomchagua mbunge mmoja. Msomaji wa vitabu vya zamani aangalie asichanganye. Mipaka nayo ilisogea; nchi ya Wapare, iliyokuwa katika Jimbo la Tanga, ilitiwa katika Mkoa wa Kilimanjaro, na sasa ni wilaya mbili za Same na Mwanga. Mwaka 1972 mabaraza ya wilaya yalivunjwa na madaraka yakawekwa mikononi mwa maofisa wa serikali mikoani. Watu waliona kwamba barabara ndogo na zahanati hazikupata mwangalizi wa karibu, na kwa sheria za mwaka 1982 mabaraza yakarudishwa.

Sasa Kigombe yaweza kuelezwa. Wilaya ya zamani ya Tanga ilikuwa mji pamoja na nchi yote iliyouzunguka. Baada ya uhuru mji ulitengwa ukawa peke yake, maana mambo ya mji ni tofauti na mambo ya shamba, na nchi ya nje ikapewa makao yake Muheza. Wilaya ya Muheza ikawa imeuzunguka mji wa Tanga kama mkono unavyokizunguka kikombe: ilikuwa na pwani kaskazini ya mji na pwani kusini yake. Baadaye upande wa kaskazini ulikatwa ukawa Wilaya ya Mkinga. Muheza ikabakiwa na kipande kifupi cha pwani upande wa kusini, na Kigombe imo ndani yake. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba wavuvi waende bara. Mipaka mingine ilisogezwa kwa sababu nyingine, na Kigombe ikabaki pale ilipokuwa.

Vivyo hivyo, mwaka 2002 Kilindi ilitolewa katika Wilaya ya Handeni, ambayo ilikuwa kubwa mno. Mtu wa Songe aliyekuwa akisafiri mpaka Handeni sasa ana makao ya wilaya mlangoni pake. Mwaka 2005 Tanga ikawa jiji. Leo mkoa una wilaya nane: Tanga, Mkinga, Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Halmashauri lakini ni kumi na moja, kwa kuwa miji ya Korogwe na Handeni ina halmashauri zake, na Bumbuli ina yake ndani ya Wilaya ya Lushoto. Ni mmoja kati ya mikoa 31 ya Tanzania, 26 ya bara na mitano ya Unguja na Pemba.

Wengi hudhani kwamba mto ni mpaka mzuri, maana hauhitaji kuchorwa. Watu wa Pangani wanajua vingine. Mto Pangani hupita katikati ya wilaya yao: mji uko ukingo wa kaskazini, Bweni iko ng'ambo, na Mwera na Mkwaja ziko kusini zaidi. Kivuko kikiharibika, mtu wa Bweni huiona wilaya yake kwa macho asiweze kuifikia ila kwa mashua. Na huko mwisho wa kusini, Hifadhi ya Saadani imeenea katika mikoa miwili, Tanga na Pwani; tembo huvuka mpaka huo bila kuuliza ni wa nani.

Daraja za leo, toka juu kwenda chini, ni mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji. Mjini badala ya kijiji kuna mtaa. Mwenye kuzitazama vizuri ataona kwamba katika daraja hizo wamo wakubwa wa namna mbili. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huwekwa na Rais, na ofisa wa tarafa ni mtumishi wa serikali. Hawa kazi yao inafanana kidogo na ile ya boma la zamani, kushusha amri na kupandisha habari. Wengine huchaguliwa kwa kura: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, na diwani wa kata. Kila kijiji kina halmashauri yenye watu 15 mpaka 25, na juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Mbele ya mkutano huo fedha za kijiji husomwa, na mtu ye yote aweza kusimama akauliza zilikokwenda. Jumbe wa mwaka 1907 hakuulizwa hivyo.

Neno diwani lenyewe lina historia yake. Zamani pwani lilikuwa jina la mzee mkubwa wa mji, aliyerithi heshima kwa ukoo na kuthibitishwa na Vugha au Unguja. Sasa ni jina la mtu ambaye jirani zake wamempa kura kwa miaka mitano, nao waweza kumnyima.

Mvuvi wa Kigombe, basi, hana haja ya kwenda Muheza kila mara. Ugomvi wa kiwanja huanza kwa wazee na baraza la kijiji. Mengine huishia kwa ofisa mtendaji wa kata, hapo hapo Kigombe. Yakiwa ni mambo ya watu wote, kama vile barabara, zahanati au darasa lililoezuliwa na upepo, diwani ndiye asafiriye. Baraza la madiwani la wilaya hukutana kila miezi mitatu, na siku hiyo mtu mmoja hutoka pwani asubuhi akaenda bara, akakaa pamoja na madiwani wa mashamba ya michungwa na wa milima ya Amani, akawaeleza haja za watu wanaoishi kwa bahari.